Shajara ya Kitalu: Kuzalisha Yungiyungi kwa Magamba, Tanga

8 Juni

Shemeji ameteremka asubuhi ya leo kutoka Lushoto na boksi lenye matunguu 12 ya yungiyungi jeupe, lile ambalo wataalamu wa mimea huliita Lilium longiflorum, na kwa hiyo mradi ambao nimekuwa nikiuwaza tangu mwaka jana umeanza rasmi. Ninataka kujua kama kitalu changu cha hapa Raskazone, kilicho karibu na bahari kiasi cha kusikia mawimbi usiku, kinaweza kupata miche ya ua hili kutokana na matunguu yake chenyewe, bila kununua matunguu mapya kila msimu.

Kwanza niweke sawa suala la jina. Mtu wa pwani akisikia yungiyungi hukumbuka ua la buluu linaloelea juu ya maji ya bwawa, na akioneshwa ua la nchi kavu lenye tunguu huenda akaliita nyinyoro. Nyinyoro ninayoijua mimi ni ile yenye kichwa chekundu cha mviringo, inayochomoza yenyewe vichakani mvua zinapoanza, nayo ni ya kwetu Afrika. Yungiyungi la shajara hii ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Ryukyu, kusini mwa Japani, pamoja na Taiwan, na katika ukoo wote wa Lilium hakuna hata aina moja iliyo na asili ya Afrika. Ugeni huo ndio chanzo cha taabu zote ninazozitarajia, kwa sababu mmea uliozoea majira ya baridi unaletwa mahali ambapo hata usiku wa kipupwe haushuki sana chini ya nyuzi 20.

Nimeyapima matunguu kwa kuyazungushia uzi kiunoni: dogo lina sentimita 16 na kubwa lina 21. Tofauti na kitunguu maji, tunguu hili halina ganda kavu la nje linalolifunika. Magamba yake manene yamepangana wazi kama vigae vya paa, yote yakiwa yameshikwa chini na kitako ambamo mizizi huota. Kwa kuwa halina ganda, hunyauka upesi likiachwa juani au kwenye upepo, na ndiyo maana shemeji aliyafunga kwenye maranda ya mbao yenye unyevu kidogo.

Nimeyagawa hivi: matunguu 3 yatatoa magamba ya kuzalisha, 5 yameingia kwenye friji leo hii kwa wiki 6, kisha yatapandwa mazima, 4 nimeyapanda leo bila kuyapitisha kwenye baridi, ili nione tofauti. Yote ya kupandwa mazima yanafukiwa sentimita 15, kwa sababu yungiyungi hili huota mizizi mingine kwenye shina, juu ya tunguu lenyewe, na likipandwa juujuu mizizi hiyo hukosa udongo na shina huanguka.

15 Juni

Kazi ya magamba imefanyika leo, na imechukua muda mrefu kuliko nilivyokadiria, kwa sababu ya usumba.

Vitabu vya kilimo cha maua husema magamba yahifadhiwe kwenye mboji ya nchi za baridi au kwenye madini mepesi yanayouzwa kwa ajili ya vitalu, lakini hapa Tanga tuna makumbi ya nazi kila upande, na vumbi la usumba hushika unyevu bila kuwa tope. Nilipata gunia moja kwa mama mmoja anayesokota kamba. Makumbi yake hufukiwa ufukweni kwa miezi kadhaa, maji ya bahari yakipanda na kushuka juu yake, mpaka yalainike na kupondeka, jambo ambalo ni zuri kwa kamba na ni hatari kwa mmea, kwa kuwa chumvi hubaki ndani ya nyuzi. Niliuosha usumba kwa maji ya mvua ndoo baada ya ndoo. Kisha niliukamua ngumini: usumba ulio tayari hushikamana bila kudondosha tone la maji katikati ya vidole.

Magamba nimeyabandua kwa mkono, moja moja, nikilisukuma kila gamba nje na chini mpaka likaachia kwenye kitako kwa mlio mdogo kama wa kuvunja karoti. Nimechukua safu mbili za nje tu na kuziacha zile za ndani, kwa sababu moyo wa tunguu uliobaki hupandwa tena na kuendelea kuishi. Tunguu la kwanza limetoa magamba 22, la pili 19, la tatu 20, jumla 61. Niliyalowesha kwa dakika 20 kwenye maji yenye dawa ya ukungu aina ya mankozebu, nikiwa nimevaa glavu, nikayaanika kivulini juu ya gazeti mpaka maji yakakauka, halafu kila tunguu likapata mfuko wake wa plastiki wenye usumba, nami nikaandika namba ya mama, yaani tunguu lililotoa magamba hayo, juu yake. Ninasisitiza suala la namba. Magamba ni sehemu ya mama yule yule, kwa hiyo chochote alicho nacho, kizuri au kibaya, watoto watakirithi, na bila namba mtu hawezi kujua amtafute nani.

Mifuko iko chini ya kitanda cha chumba cha nyuma, gizani. Kipimajoto kinaonesha nyuzi 25 asubuhi na 27 alasiri. Joto linalofaa kwa magamba kutoa vitunguu, yaani matunguu madogo machanga, ni baina ya 20 na 25, kwa hiyo kipupwe cha Tanga kimekaribia kabisa kiwango hicho bila gharama yoyote. Kazi hii ingefanywa Januari, kaskazi inapovuma na joto likapita 30, naamini mifuko yote ingegeuka uji.

Siku hiyo hiyo nimejaribu pia lili nyekundu ya uani, ile yenye maua makubwa ya tarumbeta ambayo imejaa kwenye nyua za Chumbageni na Ngamiani. Hiyo si yungiyungi la kweli bali ni Hippeastrum kutoka Amerika ya Kusini. Nimebandua magamba 30 kutoka kwenye matunguu mawili na kuyaweka kwenye mfuko wa nne kwa namna ile ile.

2 Julai

Mfuko wa kwanza umeharibika. Nilipoufungua nilikuta magamba mengi yamekuwa ya hudhurungi kuanzia kwenye kingo, yamesinyaa, bila harufu ya kuoza wala utando wa ukungu, na hilo ndilo lililonifanya nishuku maji badala ya maradhi. Niliweka usumba kidogo ulimini, nao ulikuwa na chumvi ya wazi. Kumbe usumba wa mfuko huo ulitoka juu ya gunia, nao niliuosha mara moja tu kabla sijapata mpangilio mzuri wa ndoo. Chumvi ilikuwa ikinyonya maji kutoka kwenye magamba siku zote hizo, nami nikidhani nimeyatunza.

Limeniuma sana, kwa sababu tunguu la kwanza ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Nimeokoa magamba 7, nikayaosha na kuyaweka kwenye usumba mwingine. Kuanzia leo kanuni ya kitalu hiki ni kuosha mara 4, kuacha usumba ulale kwenye maji ya mvua usiku mzima, kuyamwaga, kisha kuonja. Mifuko ya pili na ya tatu nimeionja pia, iko salama.

14 Julai

Nimeona watoto wa kwanza.

Nilichukua gamba moja kutoka mfuko wa tatu na kulipeleka dirishani. Ni jeupe, limepinda kama kijiko, na pale chini lilipokuwa limeshikamana na kitako kuna mstari mnene ulioinuka, kama kovu la kidonda kilichopona. Juu ya mstari huo, upande wa ndani wa kijiko, vimekaa vitunguu viwili, kila kimoja kikiwa kidogo kuliko punje ya mchele, vyeupe vya kung'aa, na kimoja kimekwisha kutoa mzizi mwembamba kama uzi wa cherehani. Gamba lenyewe limelegea kidogo, kwa sababu chakula chake ndicho wanachokula. Nilimwita mama yangu aje aone. Alilitazama kwa muda akasema, “Mwanangu, hiki si kitunguu, hiki ni jino la mtoto.” Kwa kweli sijapata mfano mzuri zaidi ya huo.

Nililirudisha haraka. Kufungua mifuko mara kwa mara hukausha usumba na kuingiza vimelea, na nimejiwekea kuifungua mara moja tu kwa wiki mbili.

20 Julai

Matunguu 5 yametolewa kwenye friji na kupandwa kwenye vyungu, chini ya kibanda cha makuti chenye kivuli cha nusu siku.

3 Agosti

Hesabu ya magamba: mfuko wa kwanza umebaki na magamba 5 yenye vitunguu 9, wa pili una magamba 17 yenye vitunguu 38, wa tatu una magamba 18 yenye vitunguu 41. Jumla ni vitunguu 88 kutoka kwenye magamba 40 yaliyofaulu, na vikubwa vyake vina ukubwa wa choroko. Hata baada ya hasara ya chumvi, matunguu 3 yamezaa zaidi ya mara 29, na mioyo ya mama zao bado iko hai vyunguni. Mtu wa Tanga hapaswi kushangazwa na hesabu ya namna hii. Mkonge wote uliofunika mkoa huu ulianzia kwenye vichipukizi ambavyo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliviagiza kutoka Florida mwaka 1893. Viliagizwa 1,000, vikafika hai 62 tu, na mashamba yakajaa kutokana na hivyo.

Mfuko wa nne, ule wa lili nyekundu, hauna hata mtoto mmoja. Magamba yote 30 yameoza. Kosa ni langu, nalo linafaa kuelezwa vizuri kwa sababu matunguu haya mawili hufanana machoni. Gamba la yungiyungi likiwa peke yake linaweza kujenga vitunguu kwenye sehemu yake ya chini, lakini gamba la Hippeastrum haliwezi mpaka libakiwe na kipande cha kitako. Nimerudia leo kwa njia iliyo sahihi: nimekichoma kisu kwenye moto, nikalikata tunguu wima katika vipande 8 kama vya chungwa, kila kipande kikiwa na sehemu yake ya kitako, halafu nikavigawa tena katika jozi za magamba mawili mawili yaliyoshikwa pamoja chini. Nimepata jozi 24.

17 Agosti

Hapa ndipo pwani inapoishiwa uwezo. Joto letu limetengeneza vitunguu vizuri, lakini kitunguu kichanga cha yungiyungi kikishaundwa hulala, na kinachokiamsha usingizini ni baridi ya wiki kadhaa. Bila baridi hiyo kinaweza kukaa mchangani miezi mingi kikiwa hai, kigumu, bila kutoa jani.

Nimevitenga vitunguu vyote 88 na magamba yake. 68 vimeingia kwenye friji ndani ya usumba wenye unyevu mdogo sana, rafu ya chini, ambako kipimajoto kinasoma nyuzi 4 hadi 5. Vilivyobaki 20, yaani 10 vya mama wa pili na 10 vya mama wa tatu, nimevipanda kwenye trei leo hii bila baridi, ili viwe shahidi. Nimeiomba familia isiweke matunda yanayoiva kwenye friji hiyo, kwa sababu ndizi, mapapai na maembe yanapoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huharibu vichipukizi vilivyomo ndani ya tunguu.

6 Septemba

Umeme ulikatika jana tangu saa 1 jioni na kurudi leo saa 3 asubuhi, saa 14 kamili. Nilipofungua friji kipimajoto kilisoma nyuzi 11. Kukatika kwa namna hiyo mara moja hakuondoi kazi yote iliyokwisha kufanyika, lakini kikijirudia kila wiki vitunguu huenda vikaanza kuchipua gizani. Tangu leo kuna chupa nne za maji yaliyoganda kwenye friza, na umeme ukikatika zinashushwa kwenye rafu ya vitunguu zikiwa zimevingirishwa khanga ili zisivigandishe vilivyo karibu. Nilikuta pia kichane cha ndizi mbivu kwenye rafu ya juu. Binti yangu amesikitika, nami sikumgombeza. Nimebandika karatasi mlangoni.

19 Oktoba

Wiki 9 zimetimia. Kati ya vitunguu 68, vitano vimelainika na kutupwa: kimoja cha mama wa kwanza, viwili vya wa pili na viwili vya wa tatu. Vilivyopandwa ni 63. Mchanganyiko wa trei ni sehemu 2 za mchanga wa mto, sehemu 2 za usumba uliooshwa na sehemu 1 ya mboji iliyoiva vizuri. Samadi mbichi sikuitumia kabisa, kwa sababu huunguza kitako na kukaribisha ukungu. Mvua za vuli zimekwisha kuanza kunyesha usiku, kwa hiyo trei ziko juu ya mabenchi ya mbao ili maji yasituame chini yake. Vingi vilikuwa vimeonesha ncha ya kijani kabla sijavifukia.

Lili nyekundu: jozi 15 kati ya 24 zina vitunguu. Hizo hazihitaji friji. Kwa mwenye kitalu hapa mjini anayetaka ua la tunguu bila gharama ya baridi, ningemshauri aanze nazo.

9 Novemba

Matunguu mazima yamechanua. Kati ya 5 yaliyopitia friji, 4 yametoa maua, kila shina tarumbeta 2 au 3, siku 112 baada ya kupandwa. Mashina ni mafupi, sentimita 38 hadi 45, na joto ndilo lililoyaharakisha. Kati ya 4 yaliyopandwa bila baridi ya friji, mawili ndiyo yaliyochipua, na moja ndilo lililotoa ua, moja tu. Harufu jioni imejaa kibandani hadi barabarani, na watu wawili wamesimama kuuliza bei. Sijauza. Nimeyakata maua kabla hayajashika mbegu na kuacha majani yote, kwa sababu majani ndiyo yatakayojaza tunguu upya.

Jirani yangu ana paka sita, na hili naliandika kwa uzito wote. Mmea wa yungiyungi ni sumu kali kwa paka: jani, ua, hata chavua inayomdondokea manyoyani akairamba, hata maji ya chombo cha maua, huharibu figo na huweza kumuua kwa siku chache. Nimezungushia kibanda wavu wa kuku mpaka juu, na vichwa vya chavua vya njano nimeving'oa kila ua lilipofunguka, jambo ambalo pia huzuia madoa kwenye petali na kwenye nguo.

30 Novemba

Kati ya 63, vilivyochipua ni 57: saba vya mama wa kwanza, 23 vya wa pili, 27 vya wa tatu. Kila kimoja kina jani moja, wachache wana mawili. Kati ya 20 vya ushahidi vilivyopandwa Agosti bila baridi, vimechipua 6 tu, navyo kwa kupishana wiki nyingi. Nimefukua kimoja kisichochipua: ni kigumu, cheupe, kizima kabisa, kimelala.

Furaha ya hesabu hiyo haikudumu. Majani 14 ya mama wa pili yana michirizi ya njano na kijani hafifu, na mengine yamejikunja, kwa namna ambayo mkulima yeyote wa muhogo ataitambua kuwa ni ya jamii ya batobato, ugonjwa wa majani unaoletwa na virusi. Nilikwenda kwenye chungu cha moyo wa mama wa pili, ambao umetoa shina fupi, nikakuta michirizi ile ile. Kwa hiyo virusi vilikuwa ndani ya tunguu tangu Lushoto, na kwa kubandua magamba nimemzalisha mgonjwa mara 38. Nilinunua matunguu yaliyokwisha kung'olewa, bila kuona majani yake, hilo silirudii.

Hakuna dawa ya kuponya mmea wenye virusi. Vidukari huvibeba kutoka jani hadi jani, na nimeviona viwili kwenye mchicha ulio hatua tano tu kutoka kwenye trei. Alasiri nimeng'oa vitunguu vyote 26 vya mama wa pili, vile vyenye michirizi na vile ambavyo bado vinaonekana safi, pamoja na vile 10 vya ushahidi na mama mwenyewe, nikavichoma moto. Trei na kisu nimevisafisha kwa sabuni na maji ya klorini. Ilikuwa kazi nzito moyoni, maana nilikuwa nimezijua trei zile kwa miezi.

28 Desemba

Nimebakiwa na miche 34 iliyochipua, na vidukari havijaonekana tena tangu niling'oe mchicha. Kaskazi imeshika, saa 8 mchana kibandani kipimajoto kinasoma 32, na ncha za majani zimeanza kukauka. Kitunguu kilichotokana na gamba huhitaji miaka 2 hadi 3 kabla hakijachanua, na sioni namna ya kukikuza kwa muda wote huo kwenye joto hili kikanenepa inavyotakiwa.

Kwa hiyo jana nilipanda basi na miche 17, ikiwa ndani ya boksi la nyanya lililotobolewa pembeni, nikapita Muheza na Korogwe hadi Mombo, kisha gari la kupanda mlima. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na nilipofika jioni nilihitaji sweta. Shemeji alikuwa ameandaa tuta lenye kina cha jembe mbili, mbali na bustani yake ya zamani nilikohofia kuna mimea mingine yenye michirizi. Tulikwenda kuikagua pamoja kwa tochi, tukakuta minne, naye akakubali kuing'oa. Leo asubuhi tumepanda yote 17, sentimita 20 baina ya mche na mche, tukafunika tuta kwa majani makavu.

Nyingine 17 zimebaki Raskazone chini ya makuti mawili, idadi sawa, kutoka kwa mama wale wale. Mwishoni mwa Mei nitafukua mitatu kila upande na kuizungushia uzi.